Kiingereza cha mdomo hakifundishwi kwa kalamu: kila mwanafunzi apewe nafasi ya kuigiza

Kwa nini kijana aliyepata alama nzuri ya Kiingereza katika KCSE hushikwa na kigugumizi akiulizwa swali la kwanza kwenye usaili wa kazi? Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na huu ni mwaka wa tisa nafundisha somo hilo katika shule ya upili Kaunti ya Kajiado, huku nikiishi Kitengela. Nikirudi nyumbani likizoni, wazazi huniuliza swali hilo. Wazazi wa huku bara huniuliza hilo hilo. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika namna tunavyofundisha na kutahini usemi.

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina alama 60. Nusu yake, yaani alama 30, ni za stadi za kuzungumza. La ajabu ni kwamba alama hizo zote hutafutwa kwa maandishi. Mtahiniwa huulizwa ni herufi gani haitamkwi katika neno fulani, ni silabi ipi itiwe mkazo, au angefanya nini ili shairi liwavutie wasikilizaji. Huandika kwamba angepaza sauti, angetumia ishara za mikono na angewatazama watu usoni. Hupata alama zake bila kufungua mdomo. Ni kama kumtahini nahodha kwa kumwambia aandike jinsi ya kutweka tanga.

Mtihani wa namna hiyo hulivuta darasa nyuma yake. Mwalimu ana wanafunzi 50 na kipindi cha dakika 40. Akisema kila mmoja asimame azungumze peke yake, hakuna atakayefikisha dakika moja. Basi huandika maelezo ubaoni, wanafunzi wakanakili, kipindi kikaisha.

Maigizo hulitatua jambo hili. Ligawe darasa hilo katika makundi kumi ya watu watano, kila kundi lipewe ukurasa mmoja wa mazungumzo, wote wafanye mazoezi kwa wakati mmoja. Kelele zitakuwepo, lakini kila mtoto atakuwa amesema kwa dakika kadhaa. Kisha makundi mawili au matatu yaigize mbele ya wenzao, mengine yangoje zamu ya kipindi kijacho. Hakihitajiki jukwaa wala mavazi ya kukodi.

Kuna na sababu ya kilugha. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, takriban katika kila neno. Kiingereza hakina utulivu huo. Neno ‘record’ likiwa nomino, mkazo uko mwanzoni. Likiwa kitenzi, uko mwishoni. Mwanafunzi wa Kitengela anayesema Kikamba, Kikuyu au Kimaasai nyumbani na Sheng mtaani hatayaweza hayo kwa kukariri orodha. Mpe nafasi ya mhusika mwenye hasira, aliseme neno mpaka mwenzake ashtuke, na sikio lake litashika.

Wala tusidhani kwamba ufasaha ni mgeni huku. Wamaasai wana enkiguena, baraza ambapo jambo hujadiliwa hadi watu waafikiane, na olaiguenani, kiongozi wa rika, huheshimiwa kwa kujua kusema. Sisi wa Pwani tuna ngonjera na malumbano ya washairi. Mtoto huja shuleni na urithi huo, nasi tunamwambia anyamaze anakili.

Faida yake si alama tu. Kwa miaka kadhaa riwaya ya lazima katika KCSE ilikuwa ‘Blossoms of the Savannah’ ya hayati Henry ole Kulet, inayosimulia dada wawili Wamaasai, Taiyo na Resian, na shinikizo la kukeketwa. Ukeketaji ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2011, lakini hiyo ni mada ambayo msichana wa hapa hawezi kuianzisha mbele ya wazee. Nimewaona wasichana ambao hawakuwahi kuinua mkono darasani wakiyasema maneno ya Resian kwa sauti iliyofika mlango wa pili. Aliyekataa kwa maneno ya mhusika amejifunza namna ya kukataa.

Kwamba maneno ya jukwaani yana uzito, hata serikali inajua. Mwaka 2013 mchezo wa ‘Shackles of Doom’ wa Butere Girls ulipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ikaamuru uigizwe. Aprili 2025, kule Nakuru, wasichana wa shule hiyo hiyo waliimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila kuigiza ‘Echoes of War’.

Lakini tamasha hizo za drama ni za wachache. Shule huteua wanafunzi hodari, ikawapeleka ngazi ya kaunti, ya kanda na, wakibahatika, ya taifa. Mwoga aliyehitaji zaidi hubaki dawatini. Mtaala mpya nao una hatari hiyo. Katika sekondari pevu, iliyoanza na Gredi ya 10 Januari 2026, uigizaji na filamu ni somo la kuchagua katika mkondo wa Sanaa na Michezo. Kiingereza ni cha wote. Tukiyaacha maigizo kwa waliochagua sanaa, daktari na mhandisi wa kesho watatoka shuleni bila kujua kusema mbele ya watu.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, uwe Kitengela au Kisauni, siku ya kwenda shuleni kuangalia matokeo usiishie kwenye karatasi ya alama. Muulize mwalimu wa Kiingereza: mwanangu alisimama lini mara ya mwisho mbele ya wenzake akasema? Wazazi kumi wakiuliza swali hilo siku moja, mwalimu atapata sababu ya kuifuta ile ubao na kuvipanga viti upya.