Msusi Arudipo Kazini

Mama aliyeajiriwa hapa Tanzania hupewa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Ndivyo isemavyo sheria ya mwaka 2004. Lakini mama asukaye nywele na kupaka hina kwa kujitegemea hana wa kumlipa, na akikawia, wateja humhama.

Basi, mama, rudi polepole. Anza na wateja wachache nyumbani, ukiweka akiba kidogo kidogo. Ukiombwa kumpaka mtu krimu ya kung'arisha ngozi yenye zebaki, kataa. Zebaki huharibu figo, na kwa mikono yako yaweza kumfikia mtoto umnyonyeshaye. Mteja huyo akiondoka, mwache aende. Riziki haiko kwake peke yake.