Kuongeza matiti ng'ambo: Kipimo hakipatikani kwenye WhatsApp

Kwa baadhi ya wanawake wanaofuata bidhaa nje, tiketi ya Istanbul siku hizi ina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu: nguo za jumla katika maduka ya Laleli na Osmanbey, mzigo unaosubiriwa Kariakoo, Eastleigh na Kampala. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini miongoni mwa wasafiri wenyewe. Ni kliniki ya urembo, na hasa upasuaji wa kuongeza matiti kwa vipandikizi vya silikoni.

Mawakala wa kliniki wameurahisisha mpango huo kupita kiasi. Mteja hutuma picha za kifua kwa WhatsApp, huchagua CC 300 au CC 400, hutajiwa bei moja yenye hoteli na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege, kisha huombwa kutanguliza arubuni. Anapanda ndege akiwa na saizi mkononi, wakati hakuna aliyemgusa kwa futi kamba.

Saizi hiyo haina maana kubwa. CC ni ile ile ya injini ya bodaboda: sentimita moja ya ujazo, sawa na mililita moja. Inaeleza wingi wa silikoni iliyomo katika kipandikizi, lakini haisemi titi litaonekanaje likishawekewa. Chukua wanawake wawili waliowekewa CC 350. Wa kwanza ni mwembamba, na titi lake lina upana wa sentimita 11 kwenye shina, pale linapokutana na kifua. Wa pili ana kifua kipana, na shina la sentimita 14. Kwa wa pili, ongezeko hilo huenda likaonekana la kawaida. Kwa wa kwanza, kipandikizi kinaweza kuvuka ukingo wa titi lake, kikajitokeza kuelekea kwapani au kuyasogeza matiti yakaribie kugusana katikati. Anayesema anataka "kama ya rafiki yangu" ataletewa CC za rafiki bila kifua cha rafiki.

Herufi za sidiria nazo hazisaidii sana, na wanaouza nguo za ndani wanalijua hilo kuliko madaktari. DD ya Uingereza huandikwa E katika nchi za Ulaya bara. Hata ndani ya nchi moja, D ya mkanda wa 32 haina ujazo sawa na D ya mkanda wa 38. Daktari anayeahidi herufi anaahidi kitu ambacho viwanda vyenyewe vya sidiria havijakubaliana.

Kinachoamua ni kifua. Mwaka 2005 madaktari John Tebbetts na William Adams wa Marekani walichapisha utaratibu wa vipimo vitano, ambao wapasuaji wengi wanaufahamu. Kipimo cha msingi ni upana wa shina la titi kwa sentimita, maana kipandikizi hakitakiwi kuwa kipana kuliko mahali kitakapokaa. Kingine ni unene wa nyama na ngozi, ambao daktari huupata kwa kubana sehemu ya juu ya titi kwa vidole na kifaa cha kupimia. Ukiwa chini ya sentimita 2, kifuniko ni chembamba, na kwa kawaida kipandikizi huwekwa chini ya msuli ili kingo zake zisionekane. Hupimwa pia jinsi ngozi inavyovutika, na umbali wa kutoka kwenye chuchu hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi.

Baada ya hapo ndipo CC hutafutwa, na hata hapo kuna uchaguzi mwingine. Viwanda hutengeneza ujazo uleule kwa maumbo tofauti: CC 300 inaweza kuwa pana na bapa, au nyembamba na iliyochongoka mbele. Mwenye shina jembamba anayetaka titi lijitokeze anaweza kupewa umbo la pili bila kuongezewa ujazo. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachopatikana kwenye picha ya simu. Mfanyabiashara hawezi kuagiza tairi kwa kutuma picha ya gari la jirani, na mwili una gharama kuliko gari.

Ujazo una uzito pia. Silikoni hukaribia uzito wa maji, hivyo jozi ya CC 350 ni karibu gramu 700 zinazobebwa kifuani mchana na usiku. Kadiri kipandikizi kinavyozidi uwezo wa nyama inayokifunika, ndivyo ngozi inavyonyooka, nyama kupungua unene na titi kushuka mapema. Kubadilisha saizi ni miongoni mwa sababu zinazowarudisha wanawake chumba cha upasuaji, na safari hiyo ya pili haimo kwenye bei ya wakala.

Kuna jaribio la nyumbani linalosaidia kabla ya kumwona daktari. Mchele hupimwa kwa jagi lenye alama za mililita, 250 kwa mfano, hufungwa kwenye mfuko laini na kuvaliwa ndani ya sidiria isiyobana. Usivaliwe dakika tano mbele ya kioo tu. Uvaliwe siku nzima dukani, kwenye daladala, wakati wa kupanda ngazi na wakati wa kuinama kufungua mzigo. Jaribio hili halitoi saizi kamili, kwa kuwa kitu kilichowekwa juu ya ngozi hakikai kama kilicho ndani, lakini humpa mtu picha ya ukubwa anaoweza kuishi nao.

Ratiba ya safari ndiyo inayowaponza wengi. Anayekwenda kwa siku saba hutaka siku mbili za kliniki, nne za kununua na moja ya kurudi. Mwongozo wa huduma ya afya ya Uingereza, NHS, unashauri kusubiri siku 5 hadi 7 baada ya upasuaji wa matiti kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa upasuaji na safari ndefu vyote huongeza hatari ya damu kuganda. Kunyanyua vitu vizito huzuiwa kwa wiki kadhaa. Mwanamke anayeburuta mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, kisha akifika nyumbani anashusha marobota, hana namna ya kutii masharti hayo. Safari ya mzigo na safari ya upasuaji ni bora ziwe mbili.

Halafu kuna suala la bidhaa yenyewe, na hapa wafanyabiashara wa mipakani wana uzoefu. Kampuni ya Ufaransa iitwayo Poly Implant Prothèse, maarufu kama PIP, iliuza vipandikizi vyenye alama ya ubora ya CE vilivyojazwa silikoni ya viwandani, isiyokusudiwa kwa mwili wa binadamu. Ilifungwa mwaka 2010 baada ya vipandikizi vyake kusambaa katika nchi zaidi ya 60. Mwishoni mwa 2011 serikali ya Ufaransa ilishauri wanawake wapatao 30,000 nchini humo viondolewe. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Miaka sita baadaye, kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL vyenye ganda la kukwaruza, kwa ombi la Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA), baada ya kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya limfu.

Katika matukio yote mawili swali la kwanza kwa kila mwanamke lilikuwa: chako ni cha kiwanda gani? Jibu liko kwenye kadi ndogo ambayo kliniki hutakiwa kumkabidhi mteja, yenye jina la mtengenezaji, aina, ujazo na namba ya kila kipandikizi. Ni risiti ya kuhifadhiwa pamoja na pasipoti. Asiyepewa kadi ana haki ya kuidai kabla hajatoka hospitalini.

Si lazima kwenda mbali. Nairobi ina wapasuaji wa urembo waliosajiliwa, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ina huduma ya upasuaji rekebishi na wa urembo. Ukaribu nao si dhamana. Mwaka 2024 baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, lilifunga kliniki moja ya Nairobi baada ya mteja kufariki kufuatia upasuaji wa kupunguza mafuta. Jina la daktari huulizwa kwenye baraza la nchi anakofanyia kazi, iwe KMPDC, Baraza la Madaktari Tanganyika au UMDPC ya Uganda. Malalamiko nayo hupelekwa hukohuko alikosajiliwa daktari, jambo linalomwia vigumu mteja aliyepasuliwa Istanbul na kuanza kutokwa usaha Mwanza.

FDA inasisitiza kwamba vipandikizi havidumu maisha yote. Kwa vya silikoni, inashauri picha ya kwanza ya ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, ili kuona kama vimepasuka bila dalili. Uchunguzi huo utafanyika Arusha, Kisumu au Mbarara, na daktari atakayeufanya ataanza kwa kuomba ile kadi.