Simu za magendo gerezani: fedha zinakwenda wapi?

"Ile hela itume kwenye namba hii." Mtu wa Kagerankanda, wilayani Kasulu, ameuza magunia yake ya maharage, hela imeingia kwenye simu, na muda si mrefu ujumbe huo nao unaingia. Kwetu Tanzania, ripoti za TCRA zimekuwa zikitaja Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa utapeli wa aina hiyo. Wakenya wakipata ujumbe kama huo husema tu: huyo yuko Kamiti. Wana sababu, maana misako ndani ya gereza hilo imekuta simu na laini.

Ndugu zangu huko Kasulu wananiuliza kwa nini huku Marekani serikali inatenga fedha kuzima simu za wafungwa. Uzito wa jambo hili ulionekana Machi 2010, jimbo la South Carolina. Kapteni Robert Johnson, aliyekuwa akisaka magendo katika gereza la Lee, alivamiwa nyumbani kwake alfajiri akapigwa risasi sita. Alinusurika, akapasuliwa mara nyingi. Amri ya kumuua ilitoka gerezani, kwa simu ya magendo. Agosti mwaka huohuo Rais Obama alisaini sheria ya kuzipiga marufuku simu hizo katika magereza ya shirikisho. Hata hivyo, Aprili 2018 wafungwa 7 waliuawa palepale Lee, na wakuu wa magereza wakasema simu zilichochea vurugu hizo.

Kuvuruga mawimbi ndiyo njia rahisi, lakini sheria ya mawasiliano ya 1934 inaikataza. Mawimbi hayaishii ukutani. Jirani anayeita gari la wagonjwa naye atakatiwa. Magereza mengine hufunga mnara wao unaozinasa simu zote za eneo hilo na kupitisha namba zilizoidhinishwa tu. Ni mtambo ghali, na kila mitandao inapobadilika nao hauna budi kubadilishwa. Mwaka 2021 Tume ya Mawasiliano, FCC, iliweka utaratibu mwingine: gereza linaitambua simu, linaipa kampuni ya mtandao taarifa zake, kampuni inaizima moja kwa moja. Lee ilianza kuujaribu mwaka 2023. Uingereza nayo ilitangaza paundi milioni 100 mwaka 2019 kwa usalama wa magereza, zikiwemo mashine za ukaguzi na mitambo ya kuzuia simu.

Siwezi kuzipinga fedha za kuzima simu mbele ya mtu kama Johnson. Ila wengi wanaoficha simu hawapangi kuua mtu, wanataka kuisikia sauti ya mtoto. Simu halali za magerezani zimekuwa ghali mno kwa miaka mingi, na anayelipa ni familia. Connecticut ilipitisha sheria ya kuzifanya bure mwaka 2021. Mwaka 2024 FCC ilishusha bei katika magereza ya majimbo hadi senti 6 kwa dakika, kisha Juni 2025 ikaahirisha utekelezaji. Septemba mwaka huohuo, tume ileile ikapendekeza kuruhusu uvurugaji wa mawimbi. Mpangilio huo unanisikitisha sana.

Kwetu, mama wa Kagerankanda ambaye kijana wake ni mahabusu katika gereza la Bangwe inabidi afike kwanza Kasulu mjini, halafu atafute nauli ya kilomita 90 hivi hadi Kigoma, kwa mazungumzo mafupi askari akiwa amesimama kando. Akikosa nauli, hajui kama mwanawe anaumwa au kesi imeahirishwa tena. Simu ya kificho inapata soko hapo. Na mtambo wa kuvuruga mawimbi ukifungwa Bangwe, wakala wa pesa aliye jirani na gereza naye atafunga meza.

Simu moja halali katika kila gereza la mkoa, yenye msimamizi, orodha ya namba za ndugu na bei ya kawaida ya mtandao, haihitaji mabilioni. Ningependa wabunge wa Kigoma waiombee fedha bajeti ya Mambo ya Ndani itakaposomwa Dodoma, kabla hatujaanza kuagiza mitambo.