Mwaka wa Land Rover Kuukuu Usisomwe Katika Kadi

Wilaya ya Chunya, ambayo tangu dhahabu ya Lupa ilipogunduliwa mwaka 1922 imehitaji magari ya kuikabili milima ya kutoka Mbeya na vumbi la machimbo, ni mahali panapofaa kuitazama biashara isiyopewa bado heshima yake, nayo ni ya Land Rover kuukuu. Oktoba 2024, Arusha ilipokusanya gari zaidi ya 1,000 za aina hiyo, ilidhihirika kwamba mali hii ina wapenzi wengi kuliko wanavyodhani wanunuzi wa vyuma chakavu.

Thamani yake hutegemea sana mwaka, na hapo ndipo muuzaji anapoweza kujidhulumu, akiukisia kwa kadi au kwa namba ya usajili, ilhali namba hiyo hueleza zamu ya kusajiliwa tu. Shahidi wa haki ni chesesi. Katika Series II na III, vizazi vya pili na vya tatu vya Land Rover, fundi hulala kando ya gurudumu la mbele la kulia, akasugua grisi kwa mafuta ya taa hata chuma kikatakata, akapaka chaki karibu na kishikio cha springi, kisha akafuta taratibu, tarakimu zikabaki nyeupe ndani ya chuma. Zile za mwanzo hutaja aina ya gari na upande wa usukani. Herufi ya mwisho hutaja mabadiliko ya ufundi. Mwaka wenyewe hupatikana kwa kulinganisha namba za mfuatano na daftari za kiwanda, zilizohifadhiwa Gaydon, Uingereza, ambako hati hutolewa kwa malipo. Katika Series I za mwanzoni mwa miaka ya 1950 tarakimu ya kwanza ndiyo ya mwaka, 2 ikiwa ni 1952. Walakini huo ni mwaka wa msimu, na gari laweza kuwa liliundwa mwishoni mwa 1951.

Kwa macho, shoo ya plastiki na saa zilizo mbele ya dereva huashiria Series III, iliyoanza 1971. Lakini bodi hufungwa kwa bolti, na gari lililotumika miaka hamsini aghalabu limekwisha kuvaa madigadi ya jingine.

Taabu kubwa ni kutu, kwani bodi ya alumini hudumu ilhali chesesi ya chuma huliwa, ikakatwa na kuchomelewa, namba ikapotea. Hapo hutafutwa vipuri vya umeme vya Lucas, ambavyo aghalabu vimegongwa tarehe, na vioo vya Triplex, ambavyo nukta ndogo chini ya herufi zake huficha mwaka. Vikikubaliana, ushahidi una uzito. Fundi wa Chunya au Makongolosi awezaye kuyakusanya hayo na kuyapiga picha astahili ujira wake, tena alipwe kabla gari halijapelekwa mizanini kuuzwa kwa kilo.