Ndizi Mzuzu Iliyoiva Isitupwe: Namna ya Kuioka kwa Viungo Bila Kuongeza Sukari

Katika masoko mengi nchini, ndizi mzuzu ambayo ganda lake limeanza kuwa na madoa meusi hupoteza thamani haraka. Mnunuzi huipita akitafuta ya manjano isiyo na doa, muuzaji hulazimika kuishusha bei, na ikifika nyumbani bila kupikwa siku hiyo, mara nyingi huishia jalalani. Hata hivyo, huo ndio wakati ambao ndizi hiyo imefikia kilele cha utamu wake, na ndio wakati unaofaa zaidi kuioka.

Ndizi mzuzu mbivu iliyookwa kwa mdalasini, iliki na karafuu ni chakula kinachoweza kuliwa kama kifungua kinywa, futari au kitindamlo. Haihitaji sukari, hutumia mafuta kidogo, na viungo vyake vyote hupatikana katika masoko ya ndani. Kwa kaya inayotafuta kupunguza matumizi ya sukari na kuzuia chakula kuharibika, huu ni ujuzi mdogo wenye faida ya kila wiki.

Kwa nini ndizi iliyoiva haihitaji sukari

Ndizi mzuzu ikiwa mbichi, sehemu kubwa ya kabohaidreti yake ni wanga. Ndiyo maana huchemshwa au kukaangwa kama kiazi, na haina utamu wa kutajika. Inapoanza kuiva, hutoa gesi ya ethilini ambayo huchochea vimeng'enya vilivyomo ndani yake kuuvunja wanga huo na kuugeuza kuwa sukari. Kadiri ganda linavyotoka kwenye kijani kwenda manjano, kisha manjano yenye madoa meusi, ndivyo wanga unavyopungua na sukari kuongezeka.

Moto wa kuoka hukamilisha kazi hiyo. Sehemu ya maji yaliyomo kwenye ndizi hutoka kama mvuke, utamu uliobaki hukolea, na sukari iliyo juu ya kipande hubadilika rangi kuwa ya kahawia na kutoa harufu nzuri. Mpishi anayeongeza sukari kwenye ndizi iliyoiva vizuri huwa anaongeza kitu ambacho tayari kimo.

Namna ya kuchagua ndizi

Mzuzu hutofautiana na ndizi za kula mbivu, kwa kuwa nyama yake hubaki imara hata baada ya kuiva. Ndizi nyingine laini zikiokwa kwa muda mrefu husambaratika na kuwa uji. Ndizi iitwayo mkono wa tembo, ambayo ni kubwa na ndefu, nayo hufaa kwa upishi huu.

Ndizi iliyo tayari huwa na ganda la manjano lenye madoa meusi kuanzia robo hadi zaidi ya nusu yake, na hubonyea kidogo ikiminywa kwa kidole. Ganda likiwa jeusi lote si sababu ya kuitupa, mradi ndani nyama iwe ya rangi ya krimu au manjano na isiwe na harufu ya kuchacha. Dalili za kuikataa ni ukungu, maji yanayovuja, harufu ya pombe au nyama iliyogeuka kuwa ya kahawia na kuoza.

Ndizi ambayo bado ni ya kijani iachwe mahali penye hewa, nje ya jokofu, kwa kuwa baridi kali huzuia kuiva kwake. Ikihitajika iive haraka, ifungwe ndani ya mfuko wa karatasi ili gesi ya ethilini isitawanyike.

Viungo vya nyumbani

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazolima viungo vinavyotumika katika upishi huu. Karafuu ni zao linalofahamika la Zanzibar, hususan kisiwa cha Pemba, wakati iliki, mdalasini na pilipili manga hulimwa katika maeneo ya milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza na milima ya Uluguru mkoani Morogoro.

Mwananchi anashauriwa kununua viungo vizima na kuvisaga mwenyewe kwa kinu kidogo pale anapovihitaji. Kiungo kizima hutunza harufu yake kwa muda mrefu kuliko kilichosagwa, na ni rahisi kukagua kama ni kisafi na hakijachanganywa na kitu kingine. Vihifadhiwe ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko na mwanga wa jua.

Mahitaji na hatua za kuoka

Kwa watu 4, mahitaji ni haya:

- Ndizi mzuzu 4 zilizoiva
- Samli, siagi au mafuta ya kupikia, kijiko kikubwa 1
- Mdalasini uliosagwa, nusu kijiko cha chai
- Punje za ndani za iliki 4, zilizosagwa
- Karafuu 2, zilizosagwa
- Maji ya ndimu, kijiko kikubwa 1
- Chumvi kidogo sana
- Tui zito la nazi, vijiko vikubwa 4, kwa anayependa

Oveni iwashwe mapema hadi ifikie nyuzi joto 200 za sentigredi. Ndizi zioshwe kabla ya kumenywa ili uchafu wa ganda usihamie ndani, kisha zimenywe na kukatwa mshazari, vipande vyenye unene wa takribani sentimita 2. Samli iyeyushwe na kuchanganywa na viungo, ndimu na chumvi, halafu vipande vigeuzwe humo taratibu hadi vipakae pande zote.

Vipande vipangwe kwenye trei iliyopakwa mafuta, kila kimoja kikiwa peke yake. Vikirundikwa, mvuke hunaswa katikati na ndizi huchemka badala ya kuokwa. Vikae motoni kwa dakika 12 hadi 15, vigeuzwe, kisha viendelee kwa dakika nyingine 10 hadi 15. Ndizi huwa tayari pale kingo zinapokuwa za kahawia na uma unapoingia bila kuhitaji nguvu. Anayetumia tui alimwagie katika dakika 5 za mwisho, kwa kuwa likiwekwa mapema hukauka na kujitenga.

Karafuu inahitaji uangalifu. Ladha yake ni kali, na ikizidi hufunika viungo vingine na kuacha uchungu. Kwa ndizi 4, karafuu 2 zinatosha.

Kwa kaya isiyo na oveni

Kukosa oveni si kikwazo. Wakazi wa mwambao wameoka mikate na keki kwa vizazi vingi kwa kupalia makaa, yaani kuweka makaa chini ya sufuria na mengine juu ya mfuniko. Kwa ndizi, makaa machache huwekwa chini na mengi zaidi juu, ili upande wa chini usiungue kabla ya juu kubadilika rangi.

Kwa jiko la gesi, sufuria nzito yenye mfuniko unaobana huwekwa juu ya moto mdogo kwa dakika 10 ipate joto. Ndani yake huwekwa kigoda kidogo cha chuma, na juu ya kigoda hicho sahani ya bati yenye ndizi. Upishi huchukua takribani dakika 35 hadi 40. Rangi ya juu huwa hafifu kuliko ya oveni, lakini ladha hubaki ileile.

Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na inaweza kuua.

Kuoka na nishati safi

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mojawapo ya hofu za wananchi kuhusu umeme ni gharama, na kwa upishi wa kuoka hesabu yake ni rahisi kufanya. Oveni ya wati 2,000 ikitumika mfululizo kwa dakika 40 hutumia takribani uniti 1.3 za umeme. Matumizi halisi huweza kuwa chini ya hapo, kwa kuwa oveni nyingi hujizima na kujiwasha zinapofikia joto lililopangwa. Kuoka trei mbili kwa pamoja, au kuoka ndizi mara baada ya mkate kutoka, hupunguza zaidi gharama ya kila mlo.

Faida na tahadhari za kiafya

Gramu 100 za ndizi mzuzu mbivu kabla ya kupikwa huwa na takribani kilokalori 120 na gramu 32 za kabohaidreti, pamoja na potasiamu, vitamini C na nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, sawa na takribani gramu 50 kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi katika kiwango hicho.

Hata hivyo, kutoongeza sukari hakumaanishi kuwa ndizi hii haina sukari. Mtu mwenye kisukari anapaswa kuihesabu kama sehemu ya wanga wa mlo wake, kwa mfano kwa kupunguza wali au mkate, na kufuata ushauri wa mtoa huduma wake wa afya. Mwenye ugonjwa wa figo naye apate ushauri kwanza, kwa sababu ya potasiamu iliyomo.

Kuhifadhi

Ndizi iliyookwa isiachwe nje kwa zaidi ya saa 2, hasa ikiwa na tui, ambalo huchacha upesi. Ndani ya jokofu hukaa hadi siku 3. Ndizi mbivu zilizo nyingi kuliko mahitaji zinaweza kumenywa, kukatwa na kugandishwa, kisha kuokwa siku nyingine.

Serikali, kupitia Mkakati wa Kitaifa wa Usimamizi wa Mazao Baada ya Kuvuna wa mwaka 2019 hadi 2029, inalenga kupunguza upotevu wa mazao kutoka shambani hadi sokoni. Hatua ya mwisho ya safari hiyo imo jikoni. Chane ya mzuzu yenye madoa meusi imekwishagharimu jembe la mkulima, nauli ya msafirishaji na fedha ya mnunuzi. Ikiokwa kwa wakati, hakuna kati ya hivyo kitakachokuwa kimepotea bure.