Mguu mgumu kama ubao: usingoje!

Ndugu mfanyakazi, jiwe likiponda mguu wako na mshipa mkubwa wa damu ukaumia, munganga anautengeneza. Damu inarudi, unyayo unapata joto. Usifurahi upesi! Nyama iliyokosa damu sasa inavimba ndani ya mfuko wake usiotanuka, inajinyonga yenyewe.

Angalia: maumivu yanapita kidonda, yanazidi vidole vikinyooshwa, shavu la mguu ni gumu, kuna ganzi. Mapigo ya damu yanaweza kusikika bado, yasikudanganye. Mama, usimkande kwa maji ya moto, wala usiinue mguu juu ya mito. Ita munganga alegeze bandeji au plasta, na ikibidi apasue mfuko huo. Baada ya muda wa saa 6 hivi nyama inakufa.

Ajali imekukuta likizoni Sandoa? Usingoje gari la Kolwezi, barabara ya udongo itakula saa hizo. Ubebwe kwanza hospitali ya hapo hapo.