Alama za Kazi katika Kifaru cha Mfano

Tutengenezapo kifaru cha mfano kwa somo la historia, tusikiache kiking'aa kama cha gwaride. Kifaru T-34 cha Kisovieti, kilichoanza kuundwa viwandani mwaka 1940, kilikuwa na urefu wa karibu mita 5.92 bila mzinga. Kwa kipimo cha 1:35 ni sentimita 17. Hesabu hiyo tuwaachie watoto.

Kila doa liwe na sababu: matope magurudumuni, masizi penye mabomba ya moshi, michubuko kwenye kingo walipopandia askari. Minyororo tusiipake kutu yote, kwani chuma kisuguliwacho na ardhi hung'aa. Brashi ya rangi ya fedha, iliyofutwa hata ikakaribia kukauka, yatosha.

Mtoto akiuliza waliokuwamo ndani waliishia wapi, tusimkatize.